Mrejesho: Picha ya RAW kubadilika rangi kila programu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini faili lilelile la RAW (data ghafi ya kamera), picha ya uso wa mtoto, linang'aa vizuri kwenye programu ya kuhariri picha ya Lightroom halafu kwenye nyingine, darktable, linaonekana limepauka. Asanteni sana mlioniambia niangalie profaili (maelekezo ambayo programu hufuata kutafsiri rangi) kabla ya kulaumu skrini.

Kumbe RAW bado si picha kamili. Kwenye kamera nyingi, kila kitundu cha sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) hupima rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na kijani huchukua nusu nzima. Ni mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976. Rangi mbili zilizobaki programu inazikadiria yenyewe, kisha inaweka profaili ya kamera na kontrasti yake. Kila watengenezaji wana fomula yao, na hapo ndipo picha zinapoachana.

Nilipobadilisha profaili ya Lightroom kutoka Adobe Color kwenda Camera Standard, wekundu wa mashavu ulisogea karibu kabisa na JPEG ya kamera, yaani picha ambayo kamera yenyewe imeshaichakata. Ile picha nzuri inayotokea kwanza ukifungua RAW kisha inabadilika ghafla? Hiyo ni JPEG ndogo iliyomo ndani ya RAW yenyewe.

Msinakili namba za Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) pia: 5500 ya programu moja si lazima ifanane na 5500 ya nyingine. Mimi sasa kazi moja naimaliza kwenye programu moja, na nikilazimika kuhama natoa TIFF ya biti 16, yaani faili la picha iliyokwisha kuchakatwa lenye rangi kwa undani zaidi.