Tupeane uzoefu: mliochomwa sindano za mishipa ya miguu iliyovimba

Dada wa Kaunta
Wakuu, za jioni. Kazi yangu ni kusimama kutwa. Tangu nijifungue wa pili, mishipa ya kigimbi cha kushoto imetuna na kujinyonganyonga, kulia nina vile vyekundu vyembamba kama utando wa buibui. Usiku misuli inakaza hadi naamka. Daktari kasema nichomwe sindano ya kuiua. Leo kwenye daladala nimekaa na mama mwenye mguu kama wangu, nikaona niwaulize. Inauma? Inarudi?

Mwalimu Chaki
Umenitonesha. Kwanza walinipiga picha ya dopla, ile ya kuona damu inavyopita mishipani, nimesimama, wakawa wananibinya kigimbi na kuachia ili waone kama damu inarudi chini. Ikarudi, vali zimelegea, vile vilango vya ndani ya mshipa vinavyozuia damu isirudi. Ndipo nikalazwa kitandani nichomwe. Daktari akaunganisha mabomba mawili ya sindano, moja lina dawa, jingine hewa, akasukuma huku na huku mpaka likatoka povu jeupe. Sindano za mwanzo nyembamba, sikuzisikia. Ile ya karibu na kifundo sasa! Iliwaka moto nikapiga ukelele, naye akaichomoa palepale. Dawa ilikuwa imevuja nje ya mshipa. Ngozi ikawa nyeusi, kikawa kidonda kilichogoma kupona kwa miezi. Na zile soksi za kubana, kwa joto la Dar! Kila asubuhi mume wangu anavuta, mimi nimeshikilia kitanda, watoto wanacheka mlangoni. Ila niseme kweli, ile minene imekwisha. Imebaki mistari ya kahawia, na yenyewe inafifia polepole.

Mama Wawili
Soksi!!! Nimecheka peke yangu. Kweli tupu.

Chuku Tiba
Mnajitesa bure. Pigeni chuku hapo kwenye mshipa, damu chafu itoke.

Nesi wa Zamu
Ndugu yangu, usimwambie mtu apitishe wembe juu ya mshipa uliovimba. Hakuna damu chafu hapo, ni vali.

Chuku Tiba
Haya, mshipa ukishauliwa damu itapita wapi? Hewani?

Nesi wa Zamu
Sehemu kubwa ya damu ya mguu hurudi moyoni kwa mishipa ya ndani, katikati ya misuli. Ndiyo maana wanaanza na picha, kuhakikisha ya ndani iko wazi. Mwenye donge la damu huko hachomwi. Mjamzito naye asubiri, mara nyingi ikishapita miezi kadhaa tangu kujifungua inasinyaa yenyewe.

Chuku Tiba
Sawa daktari.

Nesi wa Zamu
Nesi.

Konda Mstaafu
Hayo ya sindano madogo. Baba yangu mdogo, Tanga, alikuwa anaoga, mshipa wa juu ya kifundo ukapasuka. Haukumuuma hata kidogo. Anatazama chini, bafu lote jekundu, damu inaruka hadi ukutani! Katoka na taulo, tukamkalisha kwenye kiti, mguu unaning'inia, damu ndiyo kwanza inazidi. Shangazi anasoma Yasini, kijana kakimbilia bajaji, jirani kaja na majani ya chai ati tupachike. Mzee midomo imeshakuwa myeupe. Akapita mhudumu wa zahanati, akafoka: "Mlazeni! Mguu juu!" Akakunja kanga, akakandamiza kwa nguvu bila kuachia. Damu ikakata. Wanaume wazima tulibaki tunatazamana.

Mama Wawili
Mamaaa! Na mimi ninao palepale. Leo siogi.

Kijana wa Ilala
Konda, malizia basi. Alipona?

Konda Mstaafu
Alishonwa, akapona. Mpaka leo anasema karogwa sababu ya shamba.

Kijana wa Ilala
Shamba liko wapi? Linauzwa?

Dada wa Kaunta
Jamani, mimi niliuliza sindano.

Niko Muscat
Pole dada. Mimi nilichomwa huku. Ukishuka kitandani tu unaambiwa utembee, usikae, na safari ndefu ya ndege uiahirishe. Baada ya lile povu niliona vimulimuli machoni, kisha vikaisha. Ukiona hivyo waambie hapohapo. Na usianze na vile vidogo kabla ya mnene unaovilisha, vitarudi.

Bibi Siki
Mimi nilichoma vidogo tu, mwaka wa ngapi huu, kimya. Pia pakaa siki ya tufaha.

Kijana wa Ilala
Siki ni ya kachumbari, bibi. Dada, acha hiyo kazi ya kusimama.

Dada wa Kaunta
Ada utalipa wewe?

Nesi wa Zamu
Mguu mmoja ukivimba ghafla na kigimbi kikauma baada ya sindano, hospitali siku hiyohiyo. Ukibanwa na kifua, usingoje hata dakika.

Mwalimu Chaki
Soksi upimwe asubuhi, kabla mguu haujajaa. Na usinunue za mtumba, zimeshalegea.

Chuku Tiba
Za mtumba ndizo imara.