Kuuza nyumba kwa kamisheni tupu: tumshauri kijana aingie?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Vijana wengi wanaotafuta ajira wanashawishiwa kuuza nyumba na viwanja kwa kamisheni tupu, yaani bila mshahara, wakilipwa fungu la mauzo tu. Wanaambiwa kipato hakina kikomo, na kwamba ukiuza nyumba moja umepata ya miezi mingi.

Wasichoambiwa ni pesa hiyo inaingia lini. Kamisheni hulipwa mauzo yakikamilika, si mteja akisema ameipenda nyumba. Katikati kuna ukaguzi wa hati, mkopo wa benki, wanasheria, wakati mwingine mirathi ambayo ndugu hawajaelewana. Miezi inapita. Mteja akijitoa dakika za mwisho, nauli na simu zote zimemtoka dalali, kampuni anayoifanyia kazi haijapoteza kitu. Na hata kamisheni ikilipwa, kampuni hukata fungu lake kwanza.

Marekani, ambako wengi hutolea mfano, madalali wengi wanahesabiwa kuwa wamejiajiri. Mwaka 2024 chama chao, National Association of Realtors, kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za wenye nyumba waliouza na kulalamikia kamisheni walizotozwa. Tangu Agosti mwaka huo, dalali aliye chini ya utaratibu wa chama hicho hamtembezi mnunuzi kwenye nyumba kabla ya kuandikiana malipo. Kamisheni ya mazoea inatikiswa hata huko.

Msimamo wangu: asiye na akiba ya kuishi angalau miezi sita asiingie kwa kamisheni tupu. Atafute kwanza panapolipwa mshahara wa msingi, hata mdogo, au aanzie kwenye usimamizi wa nyumba za kupangisha, ambako ada huja kila mwezi huku akijifunza mikataba na tabia za wateja.

Silitetei tumbo la kijana peke yake. Dalali aliyebanwa na kodi ya chumba ndiye atakayenyamaza kuhusu ufa uliopakwa rangi na mgogoro wa mpaka. Anayeumia ni mnunuzi aliyeweka akiba ya maisha yake yote.

Najua wapo watakaosema mshahara unalemaza, na kwamba waliofanikiwa walianza mikono mitupu. Sawa, lakini walioacha kimyakimya hatuwasikii wakisimulia.

Mliowahi kuifanya kazi hii: kamisheni ya kwanza ilichukua muda gani, na mpaka hapo mliishi kwa nini?