Naomba ushauri: breki za mbele zinalia, fundi anasema pedi bado

Habari za leo wakuu. Natumia gari, Toyota IST, nipo Iringa. Wiki ya pili sasa, nikikanyaga breki taratibu, tairi la mbele kushoto linatoa mlio mwembamba, kama kijiko kinachokwaruza sufuria. Mafuta ya breki nayo yameshuka karibu na alama ya chini, na sioni panapovuja.

Nimeenda gereji. Fundi kafungua tairi, kapuliza vumbi, kapiga pedi msasa, akasema bado zinadai. Ikawa kimya siku mbili, mlio ukarudi. Nimechungulia mwenyewe kwa tochi: pedi ya nje imebaki kama milimita 3, ya ndani sikuiona vizuri. Diski ina mfereji, ukipitisha kucha inakwama.

Jumamosi nashuka Kitonga kwenda Morogoro, nimembeba mama na watoto wawili. Mteremko ule na malori yake unaninyima usingizi.

Je, nibadilishe pedi za mbele zote, kulia na kushoto, kabla ya safari hata kama fundi anasema bado? Na diski yenye mfereji hivyo inachongwa, au ninunue nyingine? Naogopa kufunga pedi mpya zikaliwa upesi. Natanguliza shukrani.