Tupeane uzoefu: siku mswada wako wa tamthilia uliposomwa mbele ya wenzako

Mwanzisha mada (Mwanga)
Jana kikundi chetu kilisoma mswada wangu wa sehemu ya kwanza, kurasa 32, na nimeamka na hasira nisiyojua niielekeze wapi. Onyesho la kwanza lilikuwa la wavuvi wakivua dagaa usiku huku mbalamwezi ikimulika ziwa lote. Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, ambaye tulimwomba asome maneno ya mama wa mhusika mkuu, alifika ukurasa wa 2, akavua miwani, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, taa zao zitawavuta vipi dagaa, ilhali ziwa zima lina mwanga?" Watu walicheka hadi chai ikamwagikia nakala yangu. Mliopitia haya, semeni.

Msomaji wa Gungu
Pole sana, ndugu. Yamenikuta hayo hayo.

Mjukuu wa Ujiji
Mimi niliandika meli ya Liemba ikipiga honi bandarini mwaka 1910. Mzee mmoja akanikumbusha kwamba reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli, iliyoletwa kwa vipande kutoka Ujerumani, ilishushwa majini mwaka 1915. Nikasogeza mwaka huo, nikasahau mingine, babu akawa mdogo kuliko mjukuu.

Mwalimu mstaafu
Hata mwaka 1915 haikuitwa Liemba. Iliitwa Graf von Götzen, na jina la sasa lilikuja baada ya Waingereza kuiopoa.

Mjukuu wa Ujiji
Mwalimu, tunajadili miswada au tunasahihisha mtihani?

Binti wa Katubuka
Yangu haikuchekesha. Niliandika habari za mjane ambaye shemeji yake anakuja siku ya arobaini kuchukua mashine ya boti, akidai ni mali ya ukoo. Kisa nilikisikia gengeni na sikujua ni cha nani. Kijana aliyepewa maneno ya shemeji alisoma vizuri mno, kwa sauti ya chini, hadi mahali shemeji anapoifunga mashine kwa kanga ya mjane ili isikwaruzike njiani. Akanyamaza. Tulidhani amepoteza mstari. Aliikunja karatasi mara mbili, akasema, "Dada, kanga hiyo ipo nyumbani kwetu mpaka leo," akatoka. Mswada umo kabatini tangu siku hiyo, na tukikutana sokoni ananisalimu kama kawaida, jambo linaloniumiza zaidi.

Msomaji wa Gungu
Subhanallah.

Fundi wa Bangwe
Mashine iwe cherehani, shemeji awe mjomba, na hadithi uihamishie Tabora mjini, ambako hakuna ziwa.

Mwalimu mstaafu
Ukiiondoa mashine, umeiondoa tamthilia. Mwendee kijana, umwombe radhi, kisha umpe asome mpaka mwisho.

Mjukuu wa Ujiji
Asimwendee mwenyewe, atume mtu mzima. Na baba wa kijana yu hai?

Binti wa Katubuka
Yu hai. Ndiyo maana mswada umo kabatini.

Mwanzisha mada (Mwanga)
Jamani, na mbalamwezi yangu?

Fundi wa Bangwe
Iache ing'are. Siku hizo wavuvi hawaendi ziwani; wapo nyumbani, mfukoni hamna kitu, na mwenye mtumbwi anadaiwa na kila mtu. Anzia hapo.

Mwanzisha mada (Mwanga)
Hilo nimelichukua. Jumamosi nampelekea yule mama kurasa mpya, kwenye nakala isiyo na chai.