Samaki wanakufa kila nikisafisha tangi, nakosea wapi?

Mtoa mada
Wakuu, habari zenu. Nina tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 36. Ndani kuna goldfishi, changarawe na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Kila Jumamosi nahamishia samaki kwenye ndoo, namwaga maji yote, nasugua changarawe na sponji kwa maji ya bomba mpaka vitakate, kisha najaza upya. Zikipita siku mbili tatu maji yanakuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, samaki wanapanda juu kuhema, na mmoja anakufa. Walikuwa 8, wamebaki 3. Niko Dar. Aliyeniuzia alisema nikazanie usafi. Naombeni msaada.

Sponji Kuukuu
Pole mkuu. Kinachowaua ni huo usafi wenyewe.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu, na chakula kinachobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Kwenye sponji na changarawe huota bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha tangi. Wewe unawaua kila Jumamosi kwa klorini ya bomba, kwa hiyo tangi lako lina umri wa siku 7 daima. Ule weupe ni bakteria wa aina nyingine wanaozaliana kwa fujo majini na kula oksijeni.

Kuanzia leo usioshe kitu. Kwenye tangi hilo, ukitoa changarawe na nafasi ya juu, una kama lita 55. Toa lita 15 kila siku, rudisha 15 zilizokwisha kuondolewa klorini. Chakula siku moja ndiyo, moja hapana, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2. Tafuta kipimo cha matone cha amonia na nitriti. Vyote viwili vikisoma 0 wiki nzima bila kupanda, hamia kwenye robo ya maji mara moja kwa wiki.

Mama Gapi
Naongezea kuhusu sponji, maana hapa ndipo wengi huharibu. Ukishatoa maji ya tangi kwenye ndoo, ikamue humohumo mara tatu nne, basi. Itabaki ya kahawia na yenye utelezi kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Mara moja kwa mwezi inatosha, au mapovu yakianza kupungua. Ukimpata mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sponji yake chafu, kisafirishe kikiwa na unyevu, kiweke kando ya yako. Utaokoa wiki kadhaa.

Mtoa mada
Asanteni sana. Klorini naiondoaje? Nikiacha maji kwenye ndoo usiku kucha yanatosha?

Sponji Kuukuu
Ndoo wazi, saa 24 hadi 48. Ukitia jiwe la hewa (kijiwe cha kutoa mapovu kinachofungwa kwenye mpira wa pampu) siku moja inatosha.

Fundi Vioo
Hiyo ni kwa klorini ya kawaida tu. Maji yakiwa yametiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), hiyo haitoki kwa kuachwa wazi. Usibahatishe na samaki watatu waliobaki, nunua dawa ya kuondoa klorini na ufuate kipimo cha chupa. Maji ya kisima hayana shida hiyo, ila ya pwani mara nyingi yana chumvi na pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya juu. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara 10. Kwa hiyo pima kwanza, usibadilishe chanzo cha maji ghafla.

Nitriti ikionekana, weka chumvi gramu 1 kwa lita, kwako gramu 55, iyeyushe pembeni kwanza. Kloridi huzuia nitriti kuingia kwenye damu kupitia mashavu. Chumvi haipotei na mvuke, hivyo baadaye unaongeza ya yale maji uliyobadilisha tu.

Mama Gapi
Na joto la Dar tusilisahau. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kama miligramu 7.5 kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba 9. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ndiyo mkombozi; huna, chota maji kwa jagi na uyamwage toka juu kila baada ya dakika chache, na usilishe. Pampu yenyewe iweke juu ya usawa wa maji au funga vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo ikizima maji hushuka kwa mpira hadi ndani yake.

Fundi Vioo
La mwisho, mkuu: usinunue wengine kufidia. Goldfishi wa mkia mmoja hupita sentimita 20, na lita 55 haziwatoshi hata hao 3 wakikua. Wakipona, watafutie tangi la lita 200 au bwawa, na hili weka gapi, wale samaki wadogo.

Mtoa mada
Nimeelewa. Nimeshatoa lita 15 za kwanza, sponji sijaigusa. Kipimo nanunua kesho, nitaleta majibu hapa.