Silinda ya kitasa inakataa kutoka

Jambo wandugu. Niko Goma. Mpangaji amehama, karudisha ufunguo mmoja tu. Nataka kubadilisha silinda, kile kipande kinachoingia ufunguo, kitasa kibaki. Visi (skrubu) ya ubavuni mwa mlango nimeitoa lakini silinda haisogei. Tena, ninunue urefu gani?

— Usiigonge na nyundo! Kinachokwama ni kijino cha katikati, kile kinachosukuma ulimi. Mlango ukiwa wazi, ingiza ufunguo, zungusha kidogo sana, kama nyuzi 15, huku ukisukuma silinda. Kijino kikilingana na mwili, inateleza yenyewe.

— Urefu: pima kutoka katikati ya tundu la visi hadi kila ncha. 30/30, yaani milimita 30 kila upande, si sawa na 30/40, kwa hiyo nenda dukani Birere na ile ya zamani mkononi. Upande wa nje usichomoze zaidi ya milimita 3. Mwizi akipata pa kushika na koleo, anaivunja palepale kwenye tundu la visi, ndipo pembamba.

— Visi, ile ya M5 (unene milimita 5), usiikaze kupita kiasi, ufunguo utakuwa mzito. Jaribu mlango ukiwa wazi kwanza. Na vumbi la Goma! Mafuta ya kupikia yanaligandisha ndani. Weka unga wa grafiti.

— Aksanti sana, imetoka.