Oksijeni sensa kwenye gari la kabureta: naombeni ushauri

Mkazi_wa_Lanet
Hamjambo wandugu. Nina Corolla EE90 ya kabureta, injini ya 2E. Naishi Nakuru, na wazazi wako Kisumu. Nikiwa kule injini inatulia, nikirudi huku inakunywa mafuta, eksozi inanuka petroli, na plagi nikizifungua zimejaa masizi makavu. Najua Nakuru iko karibu mita 1,850 na Kisumu mita 1,130 hivi, kwa hiyo hewa ya huku ni nyepesi, na jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, haibadiliki.

Nataka kuchomelea oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kwenye bomba la eksozi, ishara iende kwa Arduino (kompyuta ndogo ya kuprogramu), nayo ifungue valvu ndogo ya umeme inayoingiza hewa chini ya kabureta mafuta yakizidi. Lengo ni hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzani. Kazi ya lehemu naiweza. Ninachoogopa ni kuchoma injini. Nianzie wapi?

Fundi_Kondele
Anza na kabureta yenyewe, ndugu yangu. Kutoka Kisumu hadi Nakuru hewa hupungua uzito kwa asilimia 7 hivi, na kwa kabureta hiyo ni mafuta kuzidi kwa kama asilimia 4 tu. Masizi ya namna hiyo hayaletwi na mlima peke yake. Tazama kama choki, kile kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi, inafunguka yote injini ikipata moto, pima kimo cha petroli kwenye bakuli la floti (boya linalodhibiti petroli), halafu uchunguze jeti, maana kuna watu huzizibua kwa waya hadi tundu linapanuka. Filta ya hewa pia.

Saketi_Milimani
Sensa ya kawaida haikupi uwiano, inakuonyesha upande tu. Mafuta yakizidi inatoa volti 0.8 au 0.9, hewa ikizidi inashuka hadi 0.1, na kwenye 0.45 inaruka ghafla. Usiandike programu kana kwamba 0.6 ina maana yake. Ukitaka uwiano wenyewe, kuna sensa ya masafa mapana, lakini hiyo inadai saketi yake maalum na bei iko juu.

Chukua ya waya nne, yenye hita, kwa sababu haisomi kitu kabla ya kufika nyuzi 300 na ushee. Ishara yake ni dhaifu, ipitishe kwenye opampu, yaani kikuza ishara, kwanza. Na tafadhali weka dayodi ya kinga: waya wa betri ukichomoka injini ikiwaka, altaneta inaweza kurusha zaidi ya volti 60, na Arduino inakufa hapo hapo. Viungo vya eksozi usivizibe kwa silikoni ya kawaida, mvuke wake unaua sensa.

Nyar_Kano
Hofu yako iko mahali pake. Ukipanda Mau Summit na mzigo, injini inataka hewa 12.5 au 13 kwa petroli 1, yaani mafuta mengi zaidi. Saketi itaona mafuta yamezidi, itafungua hewa, na wakati huo ndio petroli ya ziada inaipoza injini. Itaanza kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), valvu za eksozi ziungue. Weka swichi kwenye kanyagio, ukikanyaga sana valvu ya hewa ijifunge. Iwe pia ya kujifunga umeme ukikatika, na tundu lake liwe dogo, hata ikikwama wazi gari liendeke.

Kingine: plagi moja ikikosa kuwaka, oksijeni yake inapita bila kuungua na sensa inasema hewa imezidi, kumbe petroli inamwagika.

Mkazi_wa_Lanet
Asante dada, asanteni wote. Fundi, nimefungua filta injini ikiwa moto. Kibati cha choki kimesimama nusu.

Fundi_Kondele
Kirekebishe hicho, usafishe plagi, kisha ufunge sensa na mita peke yake. Nenda Kisumu urudi, mtu wa pembeni asome volti huku ukiendesha: tambarare za Ahero, mlima, na ukiwa umesimama. Valvu usiinunue bado. Tuletee hizo namba hapa.